Mgonjwa wa Mama Sumirah

Wening alimviringisha Kapuk kwenye taulo mpaka kikabaki kichwa tu, akambana mapajani, kisha akapenyeza ncha ya bomba la sindano pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Uji wa majani ukaingia kidogo kidogo. Sungura akatafuna, akasita, akatafuna tena. Mwingine ulimwagikia gauni.

"Amemeza?" Mama Sumirah aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Amemeza, Mama."

"Lakini mwenyewe hajala."

"Bado."

Mama Sumirah akashusha pumzi, akarudi kutazama barabara inayoteremka kwenda sokoni Batu.

Siku zilikwenda hivyo tangu msiba. Galih, mume wa Wening na mtoto wa pekee wa Mama Sumirah, alikufa kwa pikipiki kwenye kona za mlimani. Aliwaacha wanawake wawili na sungura mweupe aliyezoea kulala miguuni pake wakati wa kutazama mpira runingani. Wening aliomboleza kama mke, na alikuwa amekwisha kubaliana na dada yake kwamba arobaini ikipita atahamia kwake Balikpapan, ng'ambo ya bahari, akafundishe watoto wadogo. Begi lilikuwa limeshafungwa sungura alipoacha kula.

Daktari wa wanyama alisema tumbo limesimama. Kliniki yake ilijaa sungura waliotelekezwa na wenyewe, hakuwa na pa kumlaza. Akawaambia wamuuguze nyumbani: uji kwa bomba mchana kutwa, dawa ya maumivu, maji ya kuchomwa chini ya ngozi, tumbo likandwe, na chupa ya maji moto ubavuni, maana baridi ya Batu si ya mchezo.

Mama Sumirah alinyoosha mikono yake mbele ya mkwewe. Ilikuwa ikitetemeka.

"Mimi siwezi, mwanangu. Akipona tu, uende. Sitakushika."

Nani angekataa? Sungura yule ndiye pekee aliyebaki wa Galih. Wening akafungua begi.

Tangu hapo hakutoka tena. Akienda dukani, alirudi mbio. Akialikwa harusini, aliomba radhi. Bi Yuli wa jirani, mwenye mdomo usio na breki, alimchungulia juu ya ua akamtania: "Wening, kumbe umeshaolewa tena? Huyu wa sasa ana masikio marefu kweli." Wening alicheka, kisha akaingia ndani akalia. Dada yake alipiga simu kusema ile nafasi ya kazi imechukuliwa. Baadaye akapiga tena kusema imepatikana nyingine, ila hawatasubiri milele.

Alasiri moja aliliweka bomba mezani, akakaa tu. Alijiambia kwamba asipomlisha leo, na kesho asimlishe, hakuna atakayejua. Kapuk alijikunyata pembeni akisaga meno, kama wafanyavyo sungura wakiumwa. Wening alivumilia kadiri alivyoweza, na haikuwa sana. Akamnyanyua, akamwomba msamaha sikioni, akamlisha.

Mama Sumirah hakuchoka kuulizia. Kila siku alitaka kujua amemeza nini na ametoa nini, na hali ya mgonjwa ikiwa mbaya, alikaa karibu na Wening na kumsimulia utoto wa Galih mpaka chai ikapoa. Hata hivyo, sungura mwenyewe hakuwahi kumgusa. Wening alidhani kumshika kungemtonesha Mama jeraha la msiba.

Kisha, asubuhi moja, Wening akasikia kitu kikitafunwa. Kapuk alikuwa amezamisha kichwa kwenye kapu la mboga, akila mchicha wa maji bila kuombwa na mtu. Chini yake kulikuwa na punje za kinyesi, kubwa, za mviringo, nzuri. Wening alizikusanya kiganjani kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Mama, tazama."

Mama Sumirah alitazama kwa muda mrefu.

"Huenda nafuu hii ni ya leo tu," alisema.

Haikuwa ya leo tu. Kesho yake Kapuk alikula tena, keshokutwa yake akawa anakimbia sebuleni. Daktari akasema bomba sasa basi. Wening akampigia dada yake, akakata tiketi, begi likafungwa upya. Mama Sumirah alimpikia ule mchuzi mweusi wa nyama alioupenda, lakini yeye mwenyewe hakula. Wening akaona haya kwa furaha yake. Akamweleza kwamba Kapuk atamfaa kwa upweke, tena hana usumbufu sasa: nyasi na maji tu.

"Ndiyo," alisema Mama Sumirah. "Sasa hahitaji mtu."

Asubuhi ya safari, Mama Sumirah alimtia Kapuk kapuni kwa mikono yake mwenyewe. Alisema anampeleka kwa daktari aangaliwe mara ya mwisho, na kutoa shukrani. Wening alitaka kumsindikiza, akakatazwa. Amalizie mizigo yake.

Gari la uwanja wa ndege lilifika, dereva akapiga honi. Begi lilikuwa mlangoni. Hatimaye Mama Sumirah akaonekana akipanda mlima polepole, amelikumbatia kapu. Akaingia, akaliweka juu ya meza, na Wening akalifunua amuage Kapuk.

Ndani alilala sungura wa kahawia, manyoya yamenyonyoka mgongoni, shingo imepinda upande, akihema kwa shida.

"Mama, Kapuk yuko wapi?"

"Nimemwachia daktari. Yule si amepona?" Mama Sumirah alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani. "Walikuwa nao wengi pale, mwanangu. Nikawaambia wanipe aliye hoi kuliko wote."