Beseni la Funguo

Kabla ya kuwasha sumaku za chombo chao cha kuelea juu ya reli, wanafunzi walitumbukiza funguo na saa zao kwenye beseni. Mshika beseni ndiye aliyepapasa mifuko ya kila mtu, chuma kisibaki.

Mwezi uliopita spana iliyosahaulika mfukoni mwa Kheri ilivutwa, ikamburura hadi kwenye reli, akafa. Leo mama yake alikuja kuona chombo alichokichora mwanawe kikielea.

Alipokuwa akitia bangili zake, aliuona ufunguo wenye uzi mwekundu.

"Huu wa mwanangu. Kufuli la chumba chake tulilivunja." Akawatazama. "Siku ile, wanangu, nani alishika beseni?"

Salha aliinamisha uso juu ya beseni alilolishika. Siku ile pia ni yeye aliyelishika, akaona haya kumpapasa Kheri.

Mtu akabonyeza swichi. Chombo kikanyanyuka kimyakimya, na mikononi mwa Salha funguo zikaanza kugongana.