Kanga ya Mama Ilitoka na Joto

Siku hizi watoto hawagombei tena nguo za marehemu. Kila mtu hupata ileile, kwa kuwa kila jiko lina mashine inayopanga atomu moja moja mpaka kitu kiwe kitu. Kwa hiyo arobaini ya mama yao ilipokwisha, Mwanakombo aliwaita wadogo zake wawili jikoni, akaitia kanga ya mama ndani ya mashine, akafunga mlango.

Zilitoka kanga tatu, zina joto kana kwamba zimevuliwa begani sasa hivi. Doa la bizari pembeni lilelile, tundu la cheche ya mkaa lilelile. Saumu, kitindamimba, akajifunika uso kwa yake.

"Subhanallah! Dada, udi wake! Na jasho lake!"

Riziki, yule wa kati, akaona unywele mweupe umenasa kwenye pindo. Wenzake nao wakatazama. Kila kanga ilikuwa nao, palepale. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Kisha Saumu akauliza taratibu, "Sasa dada, aliyoivaa mama ni ipi?"

"Hiyo yako," Mwanakombo akajibu upesi, na Saumu akaikumbatia akilia kwa furaha.

Mwanakombo alijua kwamba mashine haiwezi kukijua kitu bila kwanza kukifumua chote, hadi atomu ya mwisho; aliyoivaa mama haikuwepo tena. Akainamisha pua kwenye kanga yake, akitafuta walau kasoro moja.

Hakuipata. Harufu ile ilikuwa ya mama mwenyewe.