Rangi ya Chini ya Jicho

Kidawa alimpokonya mdogo wake kioo.

"Huendi kwa kadhi na uso wa biarusi. Huendi."

Mwatum alinyoosha mkono, akangoja arudishiwe. Chini ya jicho lake la kushoto palikuwa na doa kubwa, buluu kwenda nyeusi, pembeni pameingia umanjano. Alikuja nalo asubuhi ile, amejifinika buibui mpaka puani.

Kidawa alipoliona alitukana, kisha, Mungu amsamehe, akafurahi. Mara mbili walikwenda kwa kadhi kutaka ndoa ivunjwe. Mara mbili Jaku, mume wa Mwatum, alikula yamini kwamba hajapata kumwinulia mkewe mkono. Kadhi akauliza alama iko wapi, Mwatum akatazama mkeka, wakaambiwa waende wakapatane. Leo alama ilikuwa usoni, hata kipofu angeiona. Na huyu mjinga anataka kuipaka rangi.

Rangi yenyewe ilikuwa ya Kidawa. Bi Sheikha, ambaye Kidawa alikuwa akimshonea nguo, aliletewa na bintiye kutoka London, naye akamtunuku: kijiti cha mafuta laini ndani ya ala ya dhahabu, cha kufichia weusi wa chini ya macho. Miaka ile hata sabuni ya kuogea ilikuwa ya foleni. Kidawa alikuwa hajakifungua, akikiwekea harusi ya mwanawe.

Mwatum alikifungua. Alijaribu kwanza kwenye kiganja, akakitazama dirishani.

"Ya wazungu hiyo," Kidawa alisema. "Utaonekana umebusu gunia la unga."

"Si kitu."

"Basi lete nikupake mimi. Kama ni kuficha, ufiche kweli."

"Usiguse, dada. Panauma."

Akajipaka mwenyewe kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, akidonoa kama anayeonja chumvi. Akatazama. Akafuta pembeni, akaongeza katikati, akatazama tena. Alipomaliza, doa lilikuwa linachungulia chini ya rangi kama ukungu chini ya chokaa.

"Hata kupaka hujui," Kidawa alisema.

"Nshamaliza. Twende."

Njia nzima ya Mkunazini Kidawa alikuwa akifoka kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wakipita. "Anakupiga, wewe unamsitiri. Unamstahi nini? Au unampenda? Sema tu unampenda, mie nirudi nikapike." Mwatum alitembea upande wa kivuli, akichunga asitoke jasho.

Jaku alikwisha fika, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi.

"Shikamoo, shemeji," alisema kwa upole.

Upole ule ndio uliomchoma Kidawa kuliko yote. Hakumwitikia.

Kadhi alivaa miwani, akamtazama Mwatum kwa muda.

"Binti, nini hicho unachokificha?"

"Si kitu, sheikh. Nilijigonga mlangoni."

Kidawa alifumba macho. Alitamani kumtia doa jingine kwenye jicho la kulia.

Kadhi akamgeukia Jaku. "Nyumbani kwako milango ina ngumi?"

Jaku aliinuka. Upole ulikuwa umemtoka.

"Sheikh, wallahi hilo si langu. Muulize mwenyewe. Huyu usoni sijampiga hata siku moja."

Karani alikuwa anaandika. Kalamu yake ikasimama.

"Usoni," kadhi alisema polepole. "Haya. Tuambie basi, wapi."

Jaku alimtazama mkewe, naye Mwatum, kwa mara ya kwanza mbele ya kadhi, hakutazama mkeka.

Haikuadhiniwa adhuhuri ila ndoa ilikuwa imevunjwa.

Hata waliporudi nyumbani hasira za Kidawa zilikuwa hazijatulia. "Ulimi wake ndio uliokuokoa, si akili yako. Angenyamaza, leo ungelala kwake, wewe na mlango wako." Akamtekea maji kwenye beseni uani, akamsukumia kipande cha sabuni. "Osha hiyo takataka. Nachemsha maji nikukande."

Mwatum alichutama, akajisugua uso. Maji yakawa meupe, kisha yakawa buluu kama ya kusuuzia kanzu. Alipoinua kichwa, chini ya jicho la kushoto ngozi ilikuwa laini na safi, sawasawa na ya kulia.

Kidawa alisimama na birika mkononi.

"Hapa hapana la kukandwa, dada," Mwatum alisema. Akageuka, akaanza kulibandua gauni mgongoni, taratibu, mahali lilipogandia.