Kifuniko cha Uzi

Mazishi ya Nassoro yalikuwa yakionyeshwa mubashara kutoka ughaibuni, na kompyuta kuukuu aliyomwachia mama yake ilikataa kushika Wi-Fi ya jirani. Simu za nyumbani humo zilikuwa vitochi tu, zisizo na intaneti. Zuhra, binamu ya marehemu, aliandika kila amri aliyoijua ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo. Jibu lilikuwa lilelile: kadi ya mtandao imezimwa.

"Bado, mwanangu?" aliuliza Bi Salme, mama wa marehemu.

"Bado, shangazi. Nivumilie."

Bi Salme alikuwa amekumbatia kifuniko alichoifumia kompyuta hiyo kwa mkono, kinachobana hasa, ili vumbi lisiguse kitu cha mwanawe. Zuhra akaona uzi wa rangi hiyohiyo umenasa ubavuni mwa kompyuta, kwenye swichi ndogo. Kumbe kila kompyuta ilipovishwa kifuniko, kiliisukuma swichi ile ikazima kadi.

Aliuchomoa uzi, akauficha kiganjani. Akairudisha swichi, taa ikawaka, picha ikaja.

Watu walikuwa wakitawanyika, wakikung'uta mikono. Katikati ya skrini lilibaki tuta la udongo.

"Nassoro yuko wapi?"

Zuhra alilionyesha tuta kwa kidole. Bi Salme akasogea, akakikunja kifuniko chake, akaanza kuupangusa ule udongo kwenye kioo.