Ncha ya Sindano

Wegesa alilegeza skrubu ya cherehani, akachomoa sindano ili aweke nene zaidi kwa ajili ya ovaroli ya mchimbaji. Sindano ilitoka bila ncha.

Alikuwa ametoka kumaliza gauni la ubatizo. Sindano ile ilikuwa nyembamba mno kwa mikunjo ya lesi ya shingoni. Mishono ilipoanza kuruka, alilaumu uzi.

Sasa gauni lilikuwa mwilini mwa mtoto, aliyepakatwa na mama yake kwenye benchi la dukani. Mtoto alikuwa akinyonya lesi.

"Dada, mvue!"

"Nimvue? Fundi, Padri anatungoja. Bodaboda huyo anapiga honi."

"Mvue, kuna ncha ya sindano!"

Mama alimvua mtoto gauni. Mchimbaji aliyekuja kufuata ovaroli yake akatoa sumaku mfukoni, ile anayotolea vumbi la chuma kwenye mchanga wa dhahabu.

"Lete hapa."

Aliipitisha kwenye lesi, mkunjo kwa mkunjo. Lesi ilikuwa imelowa mate. Sumaku haikunasa kitu. Akaiburuta chini ya cherehani, ikarudi na pini mbili tu.

"Labda ilirukia nje," mama alisema, akijaribu kucheka.

Wegesa alipiga magoti, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole. Ulimi ulikuwa safi. Ufizi pia.

Alikuwa bado anachungulia kooni, mtoto akakohoa.