Kitabu cha Muuza Karanga

Kila Ijumaa alasiri wasomaji wa mji ule walikutana dukani kwa fundi cherehani, kila mmoja akaeleza kitabu anachosoma. Ijumaa moja Mwalimu Kombo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusifia chake, kinene kama tofali, pale Somoe, muuza karanga, alipouliza kutoka mlangoni kama na yeye anaweza kusema.

Kitabu chake hakikuwa na jalada. Alikuwa akikichana karatasi moja moja za kufungia karanga, na kila karatasi aliisoma kwanza. Akawasimulia habari za mwanamke aliyechimba kisima peke yake miaka saba, majirani wakimcheka. Cherehani ilinyamaza. Kombo, ambaye wenzake wakisema yeye hupiga miayo, alisogeza kiti chake karibu na mlango.

"Akapata maji?"

"Sijui, mwalimu. Leo asubuhi wateja walinizidi, karatasi ya mwisho nikaifungia karanga kabla sijaisoma."

Kombo akatia mkono mfukoni. Alizimwaga karanga alizonunua kwa Somoe asubuhi ile ndani ya kofia, akaikunjua karatasi iliyolowa mafuta, akainyoosha gotini kwa kiganja. Kisha, bila kuitupia jicho, akampa Somoe kwa mikono miwili.