Kompyuta Iliyonyamaza

Kompyuta kuukuu ilinyamaza katikati ya sentensi. Makame hakuwa akiona tangu utotoni. Aliandika habari za redio akiisikiliza mashine ikimsomea maandishi yake kwenye hedifoni. Akabonyeza vitufe alivyovikariri. Sauti ikarudi, ikatamka "Wananchi wa," ikakatika tena. Na kituo kilikuwa kikisubiri taarifa ya mchana!

Hakuwa na budi kumwita mkewe. Raya alikuwa amemnunia tangu Ijumaa. Kwa mume mwingine angejifunga kanga yenye maneno makali akampitia mbele. Kwa huyu asiyeona, alisema na paka.

"Raya, nisomee hapo, imeandika nini?"

"Paka, mwambie bwana wako, huduma ya sauti imesimama ghafla."

"Pana mahali pa kuiwasha upya?"

"Paka, mwambie papo."

"Bonyeza basi. Halafu chagua ijiwashe yenyewe kila ikizimika."

Kitufe kikalia. Kimya. Makame akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mara hedifoni zikafufuka, na habari yote ikaanza kusomwa, wazi, bila kukwama.

Raya hakusikia kitu. Akainama, harufu ya udi wa nguo zake ikamfikia mumewe.

"Imerudi, Makame?"

Safari hii paka hakutajwa.

Kidole cha Makame kikaipunguza sauti polepole mpaka ikapotea. Simu ya kituo ikaanza kuita mezani.

"Bado," alisema. "Hebu nisomee tena."